Mfuko wa Tano

Ukurasa wa tarehe 11 Aprili 2019 katika daftari langu la wateja una vipimo vya mabuibui mawili, kanzu ya mtoto wa madrasa (urefu 38, bega 13), deni la shilingi mia sita, na chini kabisa, kwa kalamu nyekundu, nimeandika: "Nimebadilishiwa dawa ya presha. Enalaprili, moja asubuhi." Kurasa chache mbele, tarehe 3 Mei, katikati ya vipimo vya nguo za Idd, kalamu nyekundu inarudi: "Kikohozi. Usiku wa tatu sijalala."

Kurasa hizo mbili sikuzisoma pamoja kwa karibu miezi mitatu. Wala hakuna aliyenitibu katika miezi hiyo aliyezisoma pamoja. Kila mmoja aliona wake.

Mimi ni fundi cherehani hapa Mumias, magharibi mwa Kenya, mwaka wa thelathini na moja huu. Nina pumu, nina presha, nina sukari. Pumu nilikua nayo tangu utotoni, ikaniacha nilipokuwa msichana, ikanirudia nilipofika miaka arobaini, na vumbi la vitambaa likaikaribisha. Anayeujua mji huu anajua pia ule moshi wa miwa ikichomwa shambani, majivu meusi yanayoshuka polepole hadi kwenye nguo ulizoanika. Presha niligunduliwa 2011, siku niliyokwenda kung'oa jino. Daktari wa meno alinipima, akaweka koleo chini, akasema hang'oi mtu yeyote mwenye 190 kwa 110. Sukari ilikuja 2015, nayo ilikuja kwa kiu.

Naandika haya kwa ajili ya wale tunaokaa nao kwenye mabenchi ya kliniki, wenye mfuko wa nailoni uliojaa bahasha za kaki. Mtu mwenye ugonjwa mmoja ana kazi ya kumeza dawa. Mwenye magonjwa matatu ana kazi nyingine kabisa, na sikumbuki kama kuna aliyewahi kunikalisha chini akanifundisha. Kazi hiyo ni kuzifanya dawa zijuane.

Nirudi 2019. Kliniki ya presha na sukari ilikuwa Alhamisi. Pumu haina siku yake. Pumu huja saa nane usiku, na unakwenda mahali popote taa inapowaka. Kwa hiyo kikohozi kiliponishika, sikukipeleka kwa yule aliyenibadilishia dawa ya presha, nilikipeleka kwenye kituo kilicho karibu. Waliniuliza, "Mama, una pumu?" Nikasema ndiyo. Swali likaishia hapo. Nikapewa dawa ya kuua vijidudu na vidonge vya prednisoloni vya siku tano. Ramadhani iliingia siku chache baadaye na nilifunga siku nne tu.

Prednisoloni ni dawa kubwa, nami siisemi vibaya. Kifua cha pumu kinapofunga kabisa, ndiyo inayomtoa mtu kaburini. Lakini inaamrisha ini limwage sukari kwenye damu, na wakati huohuo inaifanya insulini ya mwili ishindwe kazi yake. Kwa mtu asiye na kisukari hilo hupita bila kuonekana. Mimi nilipima asubuhi moja nikakuta 19, jioni yake 24. Na kikohozi kilikuwa palepale, kikavu, kinakwaruza koo kana kwamba nimemeza nyuzi. Nikarudi. Nikapewa prednisoloni tena mwezi wa Juni, na tena mwanzoni mwa Julai.

Siku ya kliniki ya sukari ilipofika, kadi yangu ilikuwa imejaa namba za kutisha. Niliulizwa nimekula nini. Niliulizwa kama ninaficha sukari kwenye chai. Nilikuwa mtu mzima wa miaka hamsini na mbili na nilitaka kulia, maana chai yangu ilikuwa haijaonja sukari tangu 2015. Sikusema kuhusu prednisoloni kwa sababu sikujua kwamba ni habari ya kusema. Kwangu ile ilikuwa dawa ya kifua, na pale tulikuwa tunazungumza juu ya sukari. Nikaongezewa glibenklamidi juu ya metfomini, zote mbili dawa za sukari.

Unaona jinsi mshono ulivyopotea. Dawa ya presha ilileta kikohozi, kikohozi kikaitwa pumu, pumu ikaletewa prednisoloni, prednisoloni ikapandisha sukari, sukari ikaletewa dawa nyingine. Kila hatua, ukiitazama peke yake, aliyeichukua alikuwa na sababu. Sikuwa na adui mahali popote. Dawa zilikuwa zinazaana tu, na mzazi wa kwanza alikuwa amekaa kimya kwenye bahasha yake, namwamkia kila asubuhi.

Jumatano tarehe 24 Julai, prednisoloni ilikuwa imeisha na sukari imeanza kushuka yenyewe, lakini glibenklamidi ilikuwa bado inaisukuma chini. Saa tisa alasiri nilikuwa natunga uzi kwenye sindano. Kazi hiyo naweza kuifanya gizani. Siku hiyo uzi ulikataa. Nikalowesha ncha kwa mate, nikajaribu tena, ukapita pembeni. Mara ya tatu nikaona sindano ni mbili. Mwanafunzi wangu akauliza, "Mama, mbona unatetemeka?" Nikamkaripia, na mimi si mtu wa kukaripia wanafunzi. Jasho lilikuwa linatiririka mgongoni, baridi, wakati jua la Mumias lilikuwa linaunguza bati. Binti yule ana akili. Bibi yake ana sukari. Hakunijibu, alikwenda duka la pili akarudi na soda ya kawaida, siyo ile isiyo na sukari, akanishikia chupa mdomoni. Tulipopima ilikuwa 2.6. Tukangoja robo saa, tukapima tena, ndipo nikala.

Kesho yake ilikuwa Alhamisi. Nilikwenda kliniki na hofu, na kwa sababu ya hofu nilibeba kila kitu. Bahasha zote, za kliniki na za vituo vingine, inhela ya buluu ya kufungua kifua cha pumu, chupa ya dawa ya kikohozi, hata mwarobaini uliokaushwa ambao dada yangu aliniletea. Na daftari la wateja, kwa kuwa tarehe zangu zote zilikuwa humo.

Siku hiyo alikuwapo daktari kijana, akiwa bado kwenye mwaka wake wa mafunzo. Alisema neno ambalo sitalisahau: "Mama, mwaga zote hapa." Akavuta shuka ya kitanda cha kupimia ikawa sawa, tukazipanga. Alizihesabu kwa kalamu. Kisha akaniomba daftari, akaanza kusoma kalamu nyekundu akiruka vipimo vya watu, mbele, nyuma, mbele. Akaweka kidole kwenye 11 Aprili na kidole kingine kwenye 3 Mei. "Kikohozi hiki kina makohozi?" Hapana. "Inhela ya buluu inakisaidia?" Hapana, hata kidogo. "Na kifua kinapiga filimbi?" Nikafikiri. Hapana, safari hii hakipigi.

Alinieleza polepole. Enalaprili hushusha presha kwa kuzuia kimeng'enya fulani mwilini. Kimeng'enya hichohicho kina kazi ya pili ya kuvunja kitu kiitwacho bradikinini. Kikizuiwa, bradikinini inajikusanya, na kwa baadhi ya watu inawasha njia ya hewa mpaka wanakohoa kikohozi kikavu kisichokoma. Haimpati kila mtu. Kuna wengi wanaimeza miaka na miaka bila shida, na inawalindia figo. Kwangu ilikataa. Akaiondoa, akanipa losatani, ambayo inafanya kazi ya kufanana nayo kwa njia isiyogusa bradikinini. Akaiondoa glibenklamidi pia, akaniagiza nipime kila asubuhi kwa wiki mbili. Akaniambia kikohozi kinaweza kuchukua wiki kadhaa kuisha. Changu kiliisha wiki ya tatu. Sukari ikarudi kwenye 8 na 9 kwa metfomini peke yake.

Niliingia na dawa tisa nikatoka na tano.

Tangu siku hiyo nimelishika jambo moja. Daktari wa presha hayupo usiku wa pumu. Wa kituo cha usiku hayupo Alhamisi ya sukari. Muuza dawa wa kemisti haoni kadi ya yeyote. Mtu pekee ambaye yuko katika vyumba vyote hivyo ni mimi. Kama kuna jicho moja linaloweza kuiona nguo nzima, mbele na nyuma, ni langu. Haidhuru kwamba sikusomea udaktari. Si lazima nijue jibu, mradi nizilete zote mezani nikiwa na tarehe.

Tarehe ndizo zinazosema. Watu wengi wanaandika majina ya dawa, na ni vizuri, lakini jina bila tarehe ni kama kipimo bila jina la mteja. Mimi naandika siku ilipoanza, siku ilipobadilishwa, siku ilipoachwa na kwa nini. Naandika pia mambo ambayo yanaonekana madogo: miguu imevimba, mdomo mkavu, kizunguzungu nikisimama, tumbo linaendesha. Ukipata jambo jipya mwilini, kabla hujatafuta jina la ugonjwa mpya, tazama nyuma wiki tatu nne uone ni kidonge gani kiliingia. Si kila mara utakikuta. Lakini tazama. Na ukikikuta, usikiache mwenyewe ukakaa kimya nyumbani. Kuna dawa za presha ambazo ukizikata ghafla presha inaruka juu kuliko mwanzo. Ipeleke tarehe yako kwa mwenye kalamu.

Bahasha za kaki zina mambo yake. Pale juu wanaandika 1×2, 1×3, na mgonjwa anaondoka. Jirani yangu alikuwa anameza vidonge viwili kwa pamoja asubuhi na kulala njaa ya dawa usiku, kwa sababu aliisoma 1×2 kama "mara moja, viwili". Maana yake ni kimoja, mara mbili kwa siku. Sasa nikipewa bahasha siondoki dirishani mpaka nimeirudia kwa sauti: kimoja asubuhi baada ya chakula, kimoja jioni baada ya chakula. Watu nyuma ya foleni wanaguna. Wacha wagune.

Tena dawa moja inaweza kuwa na majina mawili. Kuna jina la kampuni, lile kubwa la rangi, na kuna jina la dawa yenyewe, lililoandikwa kwa herufi ndogo chini yake. Mwaka 2021 dawa ilikosekana kliniki nikaambiwa nikanunue. Nikanunua. Mwezi uliofuata kliniki ikawa nayo, nikaichukua. Rangi ya pakiti ni tofauti, umbo la kidonge ni tofauti, jina ni tofauti, nikameza zote mbili kwa siku nne. Ilikuwa amlodipini, dawa ya presha, juu ya amlodipini. Miguu ilivimba viatu vikakataa kuingia. Siku hizi nasoma herufi ndogo kwanza, na kama macho yamechoka nampa mwanafunzi wangu asome.

Pumu inaniwekea mipaka ambayo wagonjwa wengine wa presha hawana, na ndiyo maana ninaitaja kila ninapoingia, hata kama nimekwenda kwa ajili ya jicho. Dawa za presha za ukoo wa atenololi na propranololi zinaweza kukaza njia za hewa za mwenye pumu, na zinaweza kuizuia hata ile inhela ya buluu isifanye kazi saa unayoihitaji. Na zile dawa za maumivu tunazonunua kama peremende, diklofenaki na ibuprofeni, zinapandisha presha, zinazichosha figo ambazo sukari imeshazichosha, na kwa baadhi yetu wenye pumu zinafunga kifua. Fundi cherehani mgongo hauachi kuuma. Natumia parasetamoli, nanyoosha mgongo, na mara nyingi nalala nao tu ukiuma.

Nifike kwenye kitambaa changu cha dawa.

Nilikuwa na kipande cha leso kilichobaki, rangi ya zambarau na pindo jeusi. Nikakikata urefu wa mkono, nikakitilia kitambaa kigumu nyuma ili kisilegee, nikashona mifuko minne juu yake, nikaweka kitanzi cha kutundikia. Kinatundikwa nyuma ya mlango wa chumba changu, mahali pakavu, mbali na jiko na mbali na mjukuu. Mifuko ni alfajiri, adhuhuri, magharibi, isha. Kila Ijumaa baada ya swala naijaza kwa wiki nzima, kila siku na pakiti yake ndogo.

Nilichagua swala kwa sababu saa ya ukutani naisahau, adhana siisahau. Na hapa kwetu karibu na ikweta adhana haihamihami. Mwaka mzima alfajiri ni saa kumi na moja na kidogo, magharibi ni saa moja kasorobo au karibu na hapo. Dawa ya mara mbili kwa siku ikikaa hapo imekaa sawa. Alfajiri inabeba losatani na amlodipini, na metfomini inangoja uji uwe umeshuka tumboni, maana ukiimeza na tumbo tupu utaijua. Adhuhuri ni mfuko mtupu, namshukuru Mungu, nauacha mtupu kwa makusudi ili nikumbuke zamani ulikuwa na vitu vitatu. Magharibi inabeba metfomini ya pili baada ya chakula. Isha ni kidonge cha lehemu, yaani kolesteroli.

Inhela ya kahawia, ile ya kukinga pumu, haiingii mfukoni, inaning'inia pembeni kwa uzi. Niiseme kidogo kwa sababu ndiyo inayodharauliwa. Ile ya buluu unaivuta na baada ya dakika chache unaona tofauti, kwa hiyo unaiamini. Ya kahawia huioni ikifanya lolote. Unaivuta asubuhi na jioni, unasukutua mdomo usiote utando mweupe, na hakuna kinachotokea. Hicho kutotokea ndicho unachokilipia. Nilipoanza kuivuta kila siku bila kukosa, safari zangu za saa nane usiku zilipungua mpaka nikasahau njia. Na bila safari hizo, hakuna prednisoloni. Na bila prednisoloni, sukari inatulia. Dawa moja ya kifua inanitunzia kongosho.

Lakini ina bei. Sitaki kuandika kana kwamba utaratibu unatosha bila shilingi. Septemba ya mwaka uleule wa 2019 kiwanda chetu cha sukari kiliwekwa chini ya mrasimu, yaani msimamizi wa mali kwa ajili ya wanaokidai, na mji ambao tangu miaka ya sabini ulikuwa unahesabu mwezi kwa mishahara na malipo ya miwa ukanyamaza. Watu wasiolipwa hawashonewi nguo. Kuna miezi nilisimama kwenye kaunta ya kemisti nikachagua, na nilichagua vibaya. Niliacha ya presha kwa sababu presha haiumi. Niliacha ya kahawia kwa sababu haifanyi kitu ninachokiona. Nikabaki na zile zinazonipa nafuu leo, na nilizozifukuza ndizo zilizokuwa zinanilinda na kiharusi kesho.

Kilichonisaidia ni kusema. Nilimwambia daktari, uso kwa uso, mwezi huu nina shilingi mia tano. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Hakunicheka. Alitazama orodha, akaniandikia aina ya bei nafuu ya dawa ileile, akapanga upya, akasema hizi mbili usiziache hata ukikopa. Sikuwa nimejua kwamba umaskini wangu ni habari ya kitabibu. Ni habari. Daktari asiyejua kwamba unagawa vidonge nusu atadhani dawa imeshindwa, na atakuongezea nyingine. Hapo ndipo zinapozaana tena.

Oktoba 2024 bima ya afya ya zamani iliondoka na SHA, mamlaka mpya ya bima ya afya ya serikali, ikaingia. Kwa sisi tusio na mshahara kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi, na inatakiwa ilipwe ya mwaka mzima. Nimejiandikisha. Kuna siku mambo yamekwenda, kuna siku nimeambiwa nirudi, na kuna siku dawa haipo kabatini hata kama karatasi ziko sawa. Kwa hiyo bado nina kopo la akiba chini ya cherehani. Jambo ambalo nimeliona kwa macho kuwa jema ni wahudumu wa afya ya jamii, wale waliopewa mikoba mwaka 2023. Wetu ni mama wa mtaa huuhuu, anakuja na mashine ya presha na kipima sukari kwenye mkoba. Vijiti vya kupimia ni ghali, na mwezi ambao nimeishiwa, yeye ndiye namba yangu. Nimemwonyesha kitambaa. Amesoma mifuko yote minne.

Ramadhani ndiyo mtihani wangu mkubwa, na nazungumza na Waislamu wenzangu hapa. Tunajua kwamba Sura ya Al-Baqara, aya ya 184 na 185, imemwondolea mgonjwa mzigo huo, na kwamba siku zinaweza kulipwa, au asiyeweza kulipa akalisha maskini. Tunajua, na bado moyo unataka. Ninachofanya ni kwenda kwa daktari mwezi mzima kabla ya mwandamo. Metfomini inahamia futari na daku. Ya presha inahamia daku. Nikapewa mipaka miwili nikaiandika kwa wino mwekundu: sukari ikishuka chini ya 3.9 nafungua, ikipanda juu ya 16.6 nafungua, hata kama imebaki nusu saa adhana ilie. Kutoboa kidole kupima hakuvunji saumu, sheikh wetu alinithibitishia. Kuhusu inhela wanazuoni wamehitilafiana, na nilimwambia sheikh sitaki kuingia kwenye hitilafu nikiwa sina pumzi. Ya kahawia ni asubuhi kabla ya alfajiri na jioni baada ya magharibi, haina tatizo. Ya buluu, nikiihitaji mchana, naivuta na siku hiyo nailipa.

Mwaka 2024 siku ya ishirini na tatu ya mfungo ilinikuta katikati ya kanzu kumi na nne za Idd. Fundi yeyote anajua hesabu hiyo. Nilikuwa nakata kitambaa kipya, cheupe, chenye ule unga wa kiwandani unaopaa ukikikunjua. Saa tisa na dakika arobaini kifua kikaanza kupiga filimbi. Inhela ilikuwa mkononi mwangu. Niliishika dakika ishirini. Nilijiambia itapita, nilijiambia zimebaki saa tatu tu, nilijiambia siku ishirini na mbili nimefunga salama. Mwanafunzi wangu, yuleyule wa soda, sasa ni fundi kamili, alizima mashine yake akaja akakaa mbele yangu. Hakusema kitu. Nikavuta. Mara mbili, na dakika kati yake. Kisha nikanywa maji nikalia, na sikulia kwa sababu ya kifua.

Siku hiyo niliilipa mwezi wa Shawwal. Nimeiandika daftarini.

Tangu nilipokitundika kile kitambaa cha kwanza nimeshona vingine kumi na kimoja, vyote kwa watu wa benchi la Alhamisi. Kimoja ni cha mzee wa Shibale aliyepita sabini, ambaye hasomi. Chake nilikitarizi badala ya kuandika: jogoo, jua, taa, mwezi. Alifurahi nacho akakibeba kikiwa kimekunjwa ndani ya koti kama hati ya shamba.

Wiki iliyopita alikuja na bodaboda, akatoa salamu, akakaa kwenye stuli ya wateja. Akakikunjua kitambaa juu ya meza.

"Mama fundi," akasema, "nataka uniongezee mfuko wa tano."

Nikamwuliza wa nini. Akanyoosha mguu nje ya kiatu. Kifundo kilikuwa kimevimba, kinang'aa. "Wamenipa dawa ya kukojoa, nipunguze maji haya. Naimeza saa kumi, haina mahali."

Nilitazama mguu ule kwa muda. Si kazi yangu kusema ni nini. Miguu huvimba kwa moyo, huvimba kwa figo, huvimba kwa vidonge. Nikamwuliza mguu ulianza lini. Hakumbuki vizuri, baada ya mavuno ya mahindi. Na amlodipini alianza lini? Akanyamaza, akahesabu kwa vidole, akaanza upya.

"Aliyekupa hii ya kukojoa aliziona zile nyingine?"

"Hakuniuliza."

Nikazima cherehani. Nikaondoa mkasi na chaki, nikapangusa meza ya kukatia, nikafungua daftari kwenye ukurasa usio na mteja, nikachukua kalamu nyekundu.

"Mzee, kabla sijashona, tuzitoe zote. Alhamisi tutakwenda pamoja."

Ya kwanza aliitoa kwenye mfuko wa koti. Ya pili ilikuwa ndani ya kofia.